Kabati Nililokatazwa Kuliona

Kwetu, watu wa milimani upande wa Butembo, mukwe haingii jikoni kwa mama wa mke wake. Anaweza kumjengea nyumba, kumlipia dawa, hata kumbeba mgongoni vita vikija, lakini jikoni haingii, na akikuta mlango wazi anapita akitazama upande mwingine. Nilipooa, sheria hiyo haikunisumbua. Mwanaume mwenye akili anatafuta nini jikoni kwa mama mukwe? Ilianza kunisumbua nilipojua kwamba katika jikoni hilo, kule mtaa wa Katoyi, kulikuwa na kabati ambalo mimi, fundi mbao wa kwanza wa mtaa wa Ndosho hapa Goma, nilitaka kulipima kuliko kitu chochote cha mbao nilichowahi kusikia habari zake.

Jina la mwenye kabati sitaliandika. Jina la mama mukwe halitamkwi, hilo nalo ni la kwetu, na sasa kwa kuwa amelala kaburini sioni sababu ya kuanza kumkosea adabu kwa kalamu. Alikuwa Mama Mukwe. Mimi aliniita Mukwe, basi, miaka yote, kama vile sina jina, na mimi ni mutu ambaye jina lake limeandikwa kwa rangi nyekundu juu ya geti.

Naomba mujue ni nani anaandika. Shule niliiacha darasa la tatu. Karatasi naisoma polepole, mbao naisoma mbio. Nilifika Goma na musumeno na blanketi, nikalala juu ya maranda katika kibanda cha fundi mwingine, nikaamka kabla yake kila siku mpaka siku aliponiuzia kibanda. Leo atelie yangu, karakana ya mbao, imejengwa kwa mawe ya volkano toka chini mpaka juu, wakati wenzangu wako bado chini ya mabati na vipande vya mbao. Nina mashine ya kukata, nina ya kuranda, nina jenereta ambayo jirani wanakuja kuchajia simu. Vitanda vya hoteli za kando ya ziwa ni mikono yangu. Hakuna kitu cha mbao ambacho mutu alinionyesha nikashindwa kukitengeneza. Lakini ni lazima anionyeshe. Na huyu mama hakunionyesha.

Kabati lenyewe nililijua kwa mdomo wa mke wangu, Mama Neema, ambaye alikua toka utoto akilitazama. Lilitoka katika nyumba ya muzungu mumoja wa kahawa, aliyeondoka akaacha kila kitu kisichoingia kwenye gari. Halikufungwa ukutani. Lilisimama kwa miguu yake lenyewe, kama ng'ombe. Juu lilikuwa na milango midogo ya vyombo na chumvi. Katikati kulikuwa na ubao mpana uliofunikwa bati jeupe, unaouvuta unakuja mbele ya tumbo lako ukawa meza, ukimaliza unausukuma unarudi ndani. Chini kulikuwa na visanduku vya kuvuta, tunaita tirwari, kimoja kikiwa na bati ndani ili panya asile mukate. Na upande wa kushoto, juu, kulikuwa na pipa la unga. Hilo ndilo lililoninyima raha. Unamimina unga juu, chini kuna chujio na mukono wa kuzungusha, unazungusha, unga unaanguka ukiwa umechekechwa, laini, moja kwa moja kwenye bakuli. Hakuna kwenda kuutoa guniani, hakuna kuinama, hakuna kumwaga.

Nimefikiri sana kwa nini wanawake wanalipenda kabati la namna hii, maana wanalipenda, na wale waliolisikia tu wanalipenda zaidi. Jikoni la kisasa ninalouza mimi linatembeza mutu. Chumvi iko huku, kisu kiko kule, mama anapika na jioni miguu yake imevimba kana kwamba ametoka Sake kwa miguu. Lile la zamani linamkusanyia mama kazi yake yote mbele ya kifua. Anavuta kigoda, anakaa, mikono inafika kila mahali. Halafu kuna jambo ambalo mutu wa mji mwingine hataliona haraka. Jikoni la kisasa ni la ukuta. Nyumba ikiungua, limeungua. Ukikimbia, unaliachia wanaokuja. Kabati linalojisimamia ni lako, na hapa kwetu kitu ambacho hakiwezi kukimbia na wewe huwezi kukihesabu kuwa ni chako.

Mama Mukwe alikuwa na namna yake ya kulisema hilo. Alisema, "Ukuta si ndugu yangu." Alilisema wakati nilipomjengea jikoni la simenti na vigae nyuma ya nyumba yake ya mbao, zawadi, bila kuombwa, nikalimaliza kabla hajaliingia ili miguu yangu iwe halali. Nilimfungia makabati ya mbao nyembamba za tripleksi pande zote. Nililipaka rangi ya maziwa. Alilitembelea siku moja akishika fimbo, akagonga hapa, akagonga pale, akamwambia binti yake anishukuru sana. Juma lililofuata alilijaza makala, makaa ya kupikia. Mpaka leo ndani ni peusi kama bomba la moshi.

Mazungumzo yetu yote yalipitia pazia. Mimi nilikaa kwenye kiti uani, uso ukiwa kwenye njia. Yeye alikaa ndani ya mlango nyuma ya pazia la bluu, ubavu wake ukinielekea. Hivyo ndivyo heshima inavyotaka, na kusema kweli ni kazi ngumu kumbembeleza mutu ambaye unaongea na kitambaa chake. Nilimwambia sina haja ya kuingia, atoe tu kabati nje kwa muda mufupi nilitazame. Alicheka kwa pua.

"Mukwe, nikitoa jikoni yangu inje, watu wa Katoyi watasema nini? Watasema heshima ya bukwe imekwisha, sasa mukwe anakuja kuhesabu masahani."

Nikamwambia mimi ni mutu wa mbao, sihesabu sahani.

"Weye uko mutu wa mbao, ndiyo. Lakini mu jikoni yangu hamuna mbao. Muko jikoni."

Hapo nilirudi Ndosho nikaipiga teke mbao isiyo na kosa.

Basi nikaamua kulitengeneza kwa maneno. Mke wangu alisimama katikati ya atelie akanionyesha kwa mikono: ubao unafika hapa, pipa linaanzia pale. Nilichagua mbao nzuri ya libuyu, kavu, isiyo na jicho hata moja. Nilifanya kazi kama mutu anayetengeneza sanduku la agano. Lilipokwisha, watu walisimama barabarani kulitazama. Nilimpelekea Mama Mukwe, nikijua kwamba akilipata jipya ataniachia la zamani.

Kosa lilikuwa hili: mke wangu ni mrefu, urefu ameuchukua kwa baba yake, na alinionyesha kwa kiuno chake mwenyewe. Mama yake alikuwa mfupi kiasi kwamba kitenge kimoja kilimzunguka mara mbili. Ubao wangu ulimfika kidevuni. Alituma shukrani.

"Mama anasema," mke wangu aliniambia, akiuma mdomo ili asicheke, "asante ya nyumba ya kuku."

Nilidhani ni mzaha. Nilipokwenda kumsalimia nilisikia jogoo akiwika ndani ya libuyu yangu.

La pili nililishusha kimo. Hilo kila kitu kilikuwa sawa, isipokuwa pipa. Unga uliingia, haukutoka. Ulikaa pale juu, ukashikana, ukawa tofali. Nilibadilisha chujio, nikapanua tundu, nikaweka bati laini ndani. Unga wa muhogo ulishuka kidogo kisha ukagoma, unga wa mahindi haukushuka kabisa. Ndani ya lile pipa la zamani kulikuwa na kitu, pindo, mteremko, sijui, ambacho mke wangu hakuwahi kukitazama kwa sababu binti hafungui pipa la unga la mama yake bila kutumwa. Nilimwomba amuulize. Mama Mukwe alijibu kwamba pipa lake linatoa unga kwa kuwa yeye analisalimia asubuhi.

Hapo ujue nilikuwa naharibikiwa kweli. Jina la lile kabati lilikuwa limesambaa. Mama mumoja muuza vitenge, anayepanda Bunagana na kushuka kila mwezi, aliwahi kuliona kwa Mama Mukwe, na yeye hakatazwi na mutu. Alikuja kwangu akataka lake. Nikamwonyesha la pili. Alizungusha mukono wa pipa, akaingiza kidole, akakitazama kidole.

"Papa, hii ni kabati nzuri. Lakini siyo ile."

Siyo ile. Neno hilo nimelisikia kwa wanawake wa hoteli, wa mikate, wa mihogo, wanawake wenye pesa mkononi. Mutu anaweza kujenga kwa mawe mpaka mbinguni, akiambiwa siyo ile anarudi kuwa kijana mwenye musumeno na blanketi.

Nisimchore kwa ubaya tu. Alikuwa na mambo yake. Jumapili alikwenda misa ya kwanza, ile ya baridi, kwa sababu alisema ile ya pili watu wanaenda kuonyeshana viatu, na yeye alikuwa na viatu vizuri kuliko wote. Hakupenda redio lakini alijua habari zote kabla ya redio. Alichukia watu wanaolia mazikoni kwa sauti, na alipofiwa na kaka yake alilia mpaka wakamshika. Mara moja nilimletea sambaza, samaki wabichi wa ziwani. Aliwarudisha akisema wadogo mno, kisha akatuma mutu nyuma yangu kuwachukua.

Na kuhusu wakimbizi alikuwa na kinywa kibaya. Mke wangu alikuwa msichana wakati watu wa Rwanda walipovuka wakajaza mji, wakilala mpaka juu ya mawe makali yasiyolalika hata na mbuzi. Anasema mama yake alisimama mlangoni akawatukana toka asubuhi: wamemaliza maji, wamemaliza kuni, wametapika kwenye maua yake. Na huku anatukana mikono yake ilikuwa inazungusha pipa, uji unachemka, na kila mwanamke mwenye mutoto mgongoni aliyepita alisimamishwa kwa tusi na kupewa kikombe. Baadaye walipokuja wa Masisi, wa Rutshuru, ndugu zetu wenyewe wanaokimbia vita visivyokwisha, alifanya vilevile. Nilimsikia kwa masikio yangu, kupitia pazia, akimwambia mama mumoja, "Banafukuza weye kule, weye unakuja kunifukuza miye huku? Kamata kikombe. Mutoto asikunywe moto."

Mimi nilimwambia mke wangu kwamba mama yake atafilisika. Mke wangu akasema ndiyo maana tunampelekea unga. Kweli tulimpelekea, kila juma, bila kukosa, na mimi sikuacha kulitaja jambo hilo mbele ya watu.

Mara moja tu nililigusa kabati kabla ya mwisho, na hiyo ndiyo siku iliyonikera kuliko zote. Ilikuwa vita ile ambayo waasi walitoka kaskazini wakaingia mjini, na watu wote wakamiminika kwenye barabara ya Sake. Nilikimbia Katoyi kumchukua Mama Mukwe. Nilimkuta uani amesimama kando ya chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao isiyo na kanyagio, na juu yake kabati limelazwa, limefungwa. Limefungwa kwa mablanketi, juu ya mablanketi mashuka, juu ya mashuka mkeka, na kamba toka kichwa mpaka miguu. Hata maiti ya chifu haifungwi hivyo.

"Sukuma, Mukwe," alisema, na yeye akatangulia mbele ili asitembee karibu na mimi.

Nilisukuma. Risasi zilikuwa zinalia nyuma yetu, watu wamebeba magodoro, mbuzi, mashine za kushona, wagonjwa, na mimi nasukuma kabati ambalo nimelitafuta miaka, tumbo langu likiwa limeligusa, jasho langu likilidondokea, na sikuona hata bawaba. Kila nilipopumzika alisimama kule mbele bila kugeuka, akangoja. Nilikuwa nasikia kitu fulani kikigonga ndani ya pipa, tik, tik, tik, kama kinanicheka. Tulilala kwa watu wa kanisa. Kabati lilisimamishwa kwenye kona ya uwanja, akatundika pazia kulizunguka, na kuanzia dakika hiyo kona ile ikawa jikoni na mimi nikakatazwa kona. Aliponiona naizungukia kwa mbali alisema mbele ya watu kwamba mukwe wake amezaliwa na shingo ndefu.

Tuliporudi mjini nilikuwa nimekata tamaa, na nilimwambia mke wangu sitalitaja tena.

Kisha vita vikazunguka, safari hii mabomu yakatoka upande wetu wa magharibi. Yalikuwa yanaanguka Mugunga, yakaanguka penye kambi ya wakimbizi, yakakaribia. Nyumba ya mbao haizuii bomu, haizuii hata jiwe la mutoto. Nyumba ya mawe niliyokuwa nayo ni atelie. Nikamtuma mke wangu kusema kwamba Mama Mukwe atahamia Ndosho, atalala kwenye atelie yangu, mimi nitatoa mashine. Alikataa. Alikataa tena. Bomu likaangukia njia ya pili kutoka kwake, akaja, na kabati likaja limefungwa vilevile. Wafanyakazi wangu walilisimamisha katikati ya atelie, mahali penyewe ambapo nilikuwa nimetengeneza yale ya bandia. Akalifungua baada ya sisi kutoka.

Mnaelewa kilichonipata. Penye kabati ndipo jikoni. Kwa hiyo atelie yangu ya mawe, niliyoijenga kwa mikono hii, ikawa jikoni ya mama mukwe, na mimi nikawa mutu asiyeruhusiwa kuingia atelie yake. Nilirandia uani chini ya turubai. Mvua ilinyesha kwenye mbao zangu. Nilipohitaji gundi nilisimama nje ya dirisha nikiwa nimelipa mgongo, nikaomba gundi kama mutu anayeomba sadaka, na mukono mufupi ulitoka ukaniwekea kopo juu ya jiwe. Wateja waliuliza kama nimefungwa. Wengine walinicheka, nikawaambia waende kucheka kwao.

Kila asubuhi nilisikia lile pipa. Mukono wa kuzungusha ulikuwa na sauti yake, kama mutu anayesaga changarawe kwa upole. Mke wangu akifua uani alikuwa akiinua kichwa anasema, "Sikia, mama anapika," anatabasamu, anaendelea kufua. Mama Mukwe hakula kwenye sufuria yetu, mbele ya mukwe hawezi kula, alikuwa akijipikia. Unga tulimletea kama zamani, juma kwa juma. Nyuma ya atelie kuna mlango unaotokea kwenye kichochoro, na kichochoro hicho kilikuwa kimejaa wanawake waliokimbia kambi, wamelala wameegemea ukuta wangu wa mawe. Niliwasikia wakizungumza. Niliwasikia wakitukanwa pia. Sikufikiri zaidi ya hapo, nilikuwa na hasira na gundi yangu.

Mabomu yalinyamaza, mji ukawa na wakubwa wengine, na Mama Mukwe akataka kurudi Katoyi. Tulimwambia bado, akasema amechoka na harufu ya vanishi. Asubuhi ya kuondoka wafanyakazi wangu walilitoa kabati uani kungoja chukudu. Nilikuwa nyuma ya turubai, nimegeuka kama inavyotakiwa, nikasikia anawaambia waende kunywa chai. Nikasikia kamba zinafunguliwa. Nikasikia kigoda kinaburutwa.

"Mukwe."

Nikaitika.

"Hapa inje hamuna moto, hamuna chungu. Hii haiko jikoni. Ni mbao tu. Pima, na usiniletee maneno."

Niligeuka. Alikuwa amekaa akiangalia geti, mgongo kwangu, mgongo mudogo kama wa msichana, fimbo kati ya magoti. Na kabati lilikuwa limesimama uchi katika jua.

Nilidhani nitafurahi. Mita yangu ya chuma iliniponyoka, hiyo ni kweli. Nilitazama kwa jicho la fundi na hasira ikanipanda, maana kile nilichokuwa nimekimbizana nacho kilikuwa nusu tu cha kile alichoacha muzungu. Miguu ilikatwa kwa musumeno butu, mmoja zaidi ya mwingine, ili limfikie mutu mufupi. Mlango mumoja wa juu ulikuwa kipande cha sanduku la msaada, maandishi yakiwa yamekwanguliwa. Bawaba za upande wa kushoto zilikuwa ngozi ya kandambili ya tairi. Bati la ubao lilikuwa limeliwa katikati, bonde kabisa, mahali pa viwiko vyake. Kila vita ilikuwa imechukua kitu, na kila kilichochukuliwa alikuwa amekiziba kwa alichokiokota.

"Pale pa unga usifungue," alisema bila kugeuka. "Iko na unga, itamwangika."

Nikasema ndiyo mama. Nikapiga magoti nipime kimo, nikaegemea kidogo, na ile ngozi ya kandambili, iliyochoka miaka mingi, ikaachia. Mlango wa pipa ulifunguka wenyewe mbele ya uso wangu.

Niliona jinsi lilivyotengenezwa. Ni jambo jepesi, jepesi mpaka linaudhi. Siri iko katika mteremko wa bati na kijiti kimoja kinachozunguka pamoja na mukono, kinachougonga unga usilale. Ndicho kilichokuwa kinanipigia tik tik barabarani. Mutu wa darasa la tatu angeweza kukifikiria, na mimi sikukifikiria.

Na niliona kwamba hakuna unga. Sisemi ulikuwa kidogo. Bati lilikuwa safi kama sahani iliyooshwa, na kule juu, pembeni, buibui alikuwa ameshona nyumba yake na ilikuwa nzima, haijavunjwa na unga wowote kwa muda mrefu. Kijiti chini yake kilikuwa kinang'aa kwa kuzungushwa. Alikuwa anazungusha hewa. Kila asubuhi alizungusha hewa ili binti yake pale uani ainue kichwa na kutabasamu, na unga wetu ulikuwa umepita mlango wa nyuma kwenda kichochoroni. Mama wa mke wangu alikuwa amelala na njaa ndani ya atelie yangu ya mawe, chini ya jina langu jekundu.

Nilishika ule mlango nikaurudisha taratibu, nikaufinya kwa kidole mpaka ngozi ikakamata.

"Umemaliza?" aliuliza.

"Nimemaliza, mama."

"Na pale pa unga?"

"Sikufungua. Ulisema iko na unga."

 Fimbo yake ilichora kitu kwenye vumbi.

"Iko na unga," alisema. "Imejaa."

"Najua, mama. Wafanyakazi walilalamika ni nzito."

Aliitikia kwa kichwa mara kadhaa, kisha akaita watu waje wafunge kamba. Hakutaka nisaidie. Chukudu likatoka getini, yeye nyuma yake kwa fimbo, na hakunipa mukono kwa sababu mama mukwe hatoi mukono.

Kuanzia juma lile nilimwambia mke wangu apeleke unga mara mbili ya ule wa zamani. Aliniuliza kwa nini, nikasema biashara imekuwa nzuri. Biashara ilikuwa imekufa kabisa, mabenki yamefungwa, hakuna mutu anayenunua hata kigoda. Yeye ndiye anayenisahihishia maandishi haya, kwa hiyo akifika mstari huu atajua, na atakasirika na mimi, na atakuwa na haki yake.

Makabati hayo natengeneza. Yanatoka vizuri sana, kimo namuuliza mwenyewe kwanza mama mwenye jikoni, namkalisha kwenye kigoda namwambia anyooshe mikono. Yamefika mpaka Bukavu. Lakini pale kushoto juu, mahali pa pipa, ingawa siri ya kile kijiti sasa naijua, naweka rafu tupu ya kuwekea vikombe. Mama muuza vitenge alirudi mwezi uliopita akitoka Bunagana. Alivuta ubao, akausukuma, akapenda. Kisha akapeleka mukono kushoto, akakuta vikombe.

"Na pipa ya unga, Papa? Ulisema utaangalia kwa mama mukwe wako."

Nikamwambia niliangalia.

"Basi?"

"Basi nimeshindwa," nikasema. "Hiyo siijui kuitengeneza."

Alinitazama sana, maana ananijua, kisha akacheka mpaka akakaa. Alisema atawaambia Goma nzima kwamba fundi wa geti la jina jekundu ameshindwa na pipa. Na amewaambia. Wanapita hapa wananiuliza, wengine ni mafundi niliowafundisha mimi, vijana ambao hawajui kunoa randa, na inaniudhi, inaniudhi kuliko ninavyoweza kuandika. Nawajibu vilevile kila mara, kwamba nimeshindwa.